Chuma cha Kilo Ishirini

Kwa siku kumi mfululizo sindano ya mizani ilisimama palepale, kwenye sabini na nane, na kwa siku kumi Fundi aliiandika namba hiyo kwenye daftari, akashukuru, akarudi kwenye cherehani yake. Siku ya kumi na moja, Alhamisi, ikasimama tena palepale. Safari hii hakushukuru. Alibaki ameishika kalamu, akiitazama miguu ya baba yake juu ya kile kisahani cheupe. Vidole vilikuwa vimejaa kama vya mtoto mchanga.

"Mizani imesema nini?" baba yake akauliza, macho mbele, mikono ubavuni kama askari wa gwaride.

"Sabini na nane, Baba."

"Basi andika. Unangoja nini?"

Mzee huyu alikuwa amepima mizigo kwenye ghala la nafaka kwa miaka thelathini na minne, na mpaka leo waliomjua kule walimwita Mpimaji. Tangu alipotoka hospitali miezi miwili iliyopita, maisha yake yote yalitegemea kupimwa. Daktari wa moyo alikuwa amewaeleza kwa utulivu, bila kutazama saa hata mara moja, kwamba moyo wa mzee umechoka kusukuma, na moyo ukichoka maji hubaki mwilini. Huanza kidogo kidogo, miguuni, tumboni, halafu hupanda mpaka kwenye mapafu, na hapo mtu huzama akiwa kitandani kwake. Miguu huchelewa kusema, alisema daktari, lakini uzito husema mapema. Akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, wapige simu siku hiyohiyo.

Fundi alinunua mizani ya sindano. Baba yake aliigeuza huku na huku akasema kisahani hiki kinafaa kupimia vitunguu. Lakini kila asubuhi alipanda bila kushika ukuta wala sinki, akasubiri binti yake asome. Chumvi alibishania, akisema mtu aliyekula chumvi nyingi kama yeye hawezi kuuawa na ya kijiko. Vidonge vya kukojoa alivibishania vilevile. Mizani peke yake hakuibishania, na ndiyo sababu Fundi aliiamini.

Hata hivyo mambo mengine hayakukaa sawa. Wiki ile mzee aliacha viatu akavaa kandambili, akisema joto limezidi. Alianza kunywa chai kwa mafungu, akitua kikombe katikati kana kwamba amekumbuka jambo. Jumanne asubuhi Fundi alimkuta amelala kwenye kiti sebuleni, ameketi wima, koti mabegani. Alipoulizwa alisema alikuwa anasikiliza redio. Redio ile haikuwa na betri tangu mwezi uliopita.

Fundi alimpigia simu nesi wa kliniki, mama mmoja aliyekuwa na desturi ya kukuuliza kwanza wewe mwenyewe umelalaje. Nesi akauliza uzito. Sabini na nane, haujasogea. Nesi akasema uzito huo mzuri, ila kama pumzi inamsumbua, amlete tu aangaliwe. Fundi alipomwambia baba yake, jibu likawa lilelile.

"Mizani imesema nini?"

Kila ubishi uliishia hapo. Na Fundi, kusema kweli, alikuwa na sketi mia na arobaini za shule mezani. Zilitakiwa Jumatatu. Mara ya mwisho baba yake alipolazwa, siku kumi na nane, kazi ya shule hiyohiyo ilimponyoka, na ilimchukua mwezi mzima kuirudisha. Kwa hiyo aliposikia namba njema aliishika kwa mikono miwili. Asilaumiwe. Mtu akiwa na hofu huchagua la kuamini.

Mchana huo skrubu ya mguu wa cherehani ilianza kulegea. Akaitafuta bisibisi ndogo kwenye mtoto wa meza, haikuwepo. Alikuwa ameitafuta tangu wiki iliyopita, na kila mara aliishia kukaza kwa ncha ya kisu. Akakaza tena kwa kisu, akainua macho, na ndipo alipomwona baba yake akipita kuelekea jikoni. Shati lilikuwa limepanda. Suruali ile aliishona yeye, mzee alipotoka hospitali, ikamkaa vizuri kiunoni. Sasa kifungo kilikuwa wazi, na mahali pa mkanda palikuwa na kipande cha kamba.

Fundi alichukua futi yake ya kupimia nguo akamfuata, akamwambia anataka kumshonea suruali nyingine, asimame kidogo. Mzee alinung'unika kwamba anashonewa suruali kila kukicha kama bwana harusi, lakini akainua mikono. Futi ikazunguka kiuno. Fundi akaisoma mara mbili. Sentimita saba zaidi ya zile alizoziandika miezi miwili nyuma. Mtu kaongezeka sentimita saba kiunoni, na hata kilo moja hakuongezeka.

Alikwenda bafuni kunawa uso ili baba yake asimwone. Alipopeleka mkono kuchukua sabuni kwenye kidirisha, vidole vikagusa kitu chembamba cha chuma. Ilikuwa bisibisi yake.

Aliinama akaigeuza mizani. Chini yake, karibu na springi, palikuwa na skrubu moja, na kichwa cha skrubu ile kilikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa. Mikwaruzo mingi. Haikuwa ya siku moja.

Fundi akakaa chini sakafuni. Alitaka kupiga kelele, na alitaka kulia, akakosa aanze na lipi. Mtu aliyemfundisha kuhesabu kwa kumkalisha juu ya magunia, mtu ambaye hakuwahi kumwibia mkulima hata gramu, alikuwa anamwibia yeye kila asubuhi mbele ya macho yake. Angeweza kwenda sebuleni sasa hivi akamsomea yote. Lakini alimjua. Angemsomea, mzee angekana, angeuliza mizani imesema nini, na jua lingetua.

Akapiga moyo konde, akasimama, akaibeba mizani kwapani.

Sebuleni baba yake alikuwa anacheza drafti na Winchi. Huyu alikuwa mchukuzi kwenye ghala lilelile, mdogo wa mzee kwa miaka kumi hivi, sasa magoti yamekwisha lakini mabega bado mapana kama mlango. Kila Alhamisi alipanda ghorofa tatu kuja kufungwa. Maana Mpimaji alikuwa hodari wa drafti, na Winchi alijua, na alikuja tu. Fundi aliwahi kumwona akiiacha kete yake iliwe kwa makusudi, siku mzee alipokuwa na huzuni.

"Leo unanifikiria sana," Winchi alikuwa anamtania. "Zamani ulikuwa unanila kabla sijakaa. Umezeeka au umenihurumia?"

Mzee alikuwa anavuta pumzi kwa mdomo.

Fundi aliiweka mizani sakafuni katikati ya wazee wale wawili. Kisha akaenda kwenye mlango wa jikoni, na hapo ndipo baba yake alipoinua kichwa.

Mlango wa jikoni ulishikiliwa na chuma cha kilo ishirini chenye mpini. Kilikuwa zawadi yake ya kustaafu. Kule ghalani, kila asubuhi kabla ya gunia la kwanza, Mpimaji alikibeba chuma hicho mwenyewe mpaka kwenye mizani kubwa. Wachukuzi wote walisimama duara, kofia mkononi, waione sindano kwa macho yao. Ikisimama kwenye ishirini, kazi inaanza. Ikikosea hata kwa unywele, mchukuzi mkongwe alitamka maneno mawili, Mpimaji akayarudia, na hakuna gunia lililopimwa mpaka fundi wa mizani aje. Siku moja malori yalipanga foleni mpaka barabarani, bosi akabembeleza, akatukana, akabembeleza tena. Mpimaji aliketi juu ya chuma kile, mikono kifuani, mpaka saa sita mchana.

Fundi alikiinua kwa mikono miwili, akakileta akiyumba, akakitua juu ya mizani.

Winchi alikuwa ameshasimama. Hakuna aliyemwambia. Aliona tu chuma kinakwenda kwenye mizani, miguu yake ikamsimamisha, mkono ukavua kofia.

Sindano ilitetemeka, ikatulia kwenye kumi na nane na nusu.

Kutoka chini barabarani ilisikika honi ya gari, ikapita. Winchi aliitazama sindano, akamtazama rafiki yake, akaitazama kamba iliyofunga suruali, na uso wake ukabadilika polepole, kama mtu anayesoma barua.

"Mpimaji," alisema kwa sauti ya chini. "Mizani imekataa."

Mzee aliinamisha macho. Ilikuwa zamu yake. Miaka thelathini na minne hakuna asubuhi aliyoikwepa zamu hiyo, hata mbele ya bosi.

"Mizani imekataa," akarudia.

Fundi alipiga magoti mbele ya kiti chake. Alimuuliza kwa nini. Mzee alichukua muda, maana sasa kila sentensi ilimgharimu pumzi. Alisema zilikuwa zimebaki siku nne tu. Sketi ziondoke Jumatatu, na yeye Jumanne angekwenda mwenyewe, kwa miguu yake, hospitalini.

"Siku kumi na nane ulilala kwenye kile kiti cha chuma," alisema. "Nilikuwa nakuona, mama. Ulidhani nimelala. Kazi ikakuponyoka, ukasema ah, si kitu. Nilisikia ukilia chooni."

Fundi akachukua simu, akampigia daktari.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Hakulaumu. Aliuliza mambo mawili tu: mzee ameongezeka kiasi gani, na tangu lini. Kama ni kilo mbili tatu, za juzi na jana, waongeze kidonge kimoja leo na waje asubuhi. Kama ni zaidi, na ni za siku nyingi, basi maji yameshafika kifuani na hakuna kungoja. Ila akiongeza dawa kwa kubahatisha anaweza kuziharibu figo. Anahitaji namba.

Fundi alilitazama daftari lake. Kumi na moja, zote sabini na nane. Halikuwa na thamani ya karatasi yake.

"Baba, daktari anauliza namba ya kweli."

Mzee aligeuza uso dirishani.

"Baba, anangoja kwenye simu."

"Waambie kesho," alisema mzee. "Kesho asubuhi tutapima upya, vizuri." Lakini alipofika kwenye neno vizuri pumzi ilikatika, akashika mkono wa kiti, na midomo yake ilikuwa na rangi ambayo Fundi alikuwa ameiona mara moja tu, wodini ile mara ya kwanza.

Winchi aliinama, akaweka mkono wake mkubwa juu ya mkono wa mzee. "Ndugu yangu," alisema, "wewe hujawahi kupitisha mzigo bila kuuandika. Umeandika wapi?"

Kwenye simu daktari alikuwa bado anasubiri, hakukata.

"Kalenda," akasema mzee.

Fundi aliruka mpaka ukutani, akaichomoa kalenda kwenye msumari, akaigeuza. Kwa nyuma, kwa penseli, kwa mwandiko ulionyooka wa stakabadhi za ghala, kulikuwa na mistari kumi na mmoja. Sabini na nane. Sabini na nane na nusu. Sabini na tisa. Na kila mstari ulikuwa na sahihi ndogo pembeni. Kumbe kila alfajiri aliifungua skrubu akairudisha mahali pake, akajipima kweli, akaandika, akatia sahihi, ndipo akaikaza tena kabla binti yake hajaamka.

Alimsomea daktari namba zote, kidole kikishuka nazo. Mstari wa mwisho, wa asubuhi hiyo, ulisema themanini na nne.

"Mlete sasa hivi," alisema daktari. "Na asitembee hata hatua moja. Mtu ambebe."

Hapo ukaanza ubishi mwingine, maana jengo halikuwa na lifti. Mzee alisema hajawahi kubebwa tangu aache kunyonya, na hataanza leo mbele ya majirani. Alijaribu kusimama. Magoti yakamrudisha kitini.

"Sikiliza," Winchi alisema. "Nimebeba magunia yako miaka ishirini, sikuuliza hata moja limejaa nini. Hili moja ndilo unaninyima?"

Mzee alimtazama, akafumba macho, akaitikia kwa kichwa, shingo upande.

Walimbeba na kiti chake. Winchi alishika nyuma, upande wenye uzito. Dereva wa teksi, aliyekuwa amepigiwa simu angoje chini, alipanda mwenyewe bila kuitwa na kushika mbele. Fundi alitangulia, akishuka kinyumenyume, mkono wake umeshika kandambili ya baba yake kana kwamba hicho ndicho kingemzuia asiondoke. Ghorofa ya pili mwalimu mstaafu alifungua mlango, akaona, akatoka na kuondoa ndoo zake zote kwenye ngazi bila kuuliza neno. Kila ngazi Fundi alihesabu pumzi. Moja, mbili, kimya. Moja, mbili, tatu, kimya.

Kwenye kituo cha kwanza cha ngazi Winchi aliomba watue. Jasho lilimtiririka, magoti yakimtetemeka waziwazi.

"Themanini na moja," alisema, akihema.

Mzee alifungua jicho moja. "Themanini na nne," alinong'ona. "Mgongo wako... umeharibika."

Dereva akacheka, Winchi akacheka, na Fundi akajikuta anacheka huku machozi yanamdondoka kidevuni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku kumi na moja baba yake kutamka namba ya kweli kwa mdomo wake.

Hospitalini walimpokea wakijua, maana daktari alikuwa ameshapiga simu. Nesi kijana alikipasha joto kile chombo cha kusikilizia moyo kiganjani mwake kabla ya kukigusisha kifuani kwa mzee. Wakamwekea mpira wa hewa puani, wakamchoma sindano ya kutoa maji, kisha hawakuwa na la kufanya ila kusubiri. Daktari alimwambia Fundi ukweli nje ya mlango. Kama dawa itafanya kazi, maji yataanza kutoka ndani ya saa chache. Yasipotoka, basi.

Fundi akarudi ndani, akakaa kwenye kiti cha chuma kando ya kitanda. Kilikuwa kilekile, au pacha wake. Saa moja ikapita. Saa ya pili mzee aliacha kujibu akiitwa, na nesi akaja, akapima, akaenda kumwita mwenzake kwa hatua za haraka ambazo si za kukimbia. Fundi alishika ukingo wa kitanda. Akajiambia laiti angeiona ile kamba kiunoni siku mbili mapema. Kando ya kitanda walikuwa wamening'iniza mfuko wa mkojo, na hakuwahi kukitazama kitu kwa hamu hivyo. Ulikuwa mkavu.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama nesi kijana alipoinama, akautazama mfuko, akamgusa Fundi begani.

"Mama, yameanza," alisema.

Kabla ujasiri haujampoa, Fundi alitoka nje akampigia mwalimu mkuu wa ile shule. Ilimbidi ajilazimishe, maana mara ile ya kwanza hakupiga. Aliona aibu, akanyamaza, mpaka siku ikapita. Sasa alieleza kwa sentensi mbili kwamba baba yake amelazwa na sketi hazitakuwa tayari Jumatatu.

Mwalimu mkuu alisema watoto wanaweza kuvaa za zamani mpaka Ijumaa, mbona si tatizo. Kisha akauliza taratibu, "Mara ile mbona hukuniambia?"

Fundi akaomba radhi, akamshukuru. Alikuwa binti wa baba yake, ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi ya pili mzee alifungua macho, akaomba miwani, akalalamika kuhusu mto. Pumzi ilikuwa bado nzito, na daktari hakuwaficha kwamba moyo ule hautarudi kuwa mpya. Utalindwa tu, siku kwa siku. Nesi akaleta mizani ya wodi, ile ya namba nyekundu, wakamsimamisha juu yake wakimshika kwapa.

"Themanini na mbili na nusu," nesi akasoma kwa furaha.

"Nani kasema?" mzee akauliza.

"Mizani, babu."

"Hii ilijaribiwa lini?"

Nesi alimtazama Fundi. Fundi akatazama dari. Mzee alikaa kitandani, akakunja mikono kifuani, akatangaza kwamba hataruhusu namba yoyote iandikwe kutoka kwenye mizani asiyoijua, na kwamba watu hapa wanatibiwa kwa kubahatisha. Nesi alisema watamwita fundi wa vifaa wiki ijayo. Mzee akasema atangoja.

Saa ya kuona wagonjwa ilipofika, Winchi aliingia wodini akichechemea, begi la turubai begani, begi limevutwa chini na kitu kizito. Alisema kwanza kwamba mwalimu mstaafu wa ghorofa ya pili amekaa kwenye meza ya Fundi tangu jana anashona vifungo, na ameshamaliza sitini, vingine vimepinda kidogo. Kisha akafungua begi. Nesi alipoona kilichomo alifungua mdomo kukataza, akamwona mzee anavyojikongoja kukaa wima, akaufunga. Akaivuta mizani ya wodi mpaka kando ya kitanda yeye mwenyewe.

Winchi alivua kofia. Wagonjwa wawili wa vitanda vya jirani waliinua vichwa. Fundi alikitua chuma.

Namba nyekundu zilipepesa, zikasimama kwenye ishirini kamili.

Mzee aliziangalia muda mrefu, kwa miwani, kisha bila miwani.

"Mizani imekubali," alisema. Akamnyooshea binti yake mkono. "Lete daftari. Andika themanini na mbili na nusu. Halafu nipe kalamu nitie sahihi."